Ini linaposhambuliwa na kinga ya mwili: dalili zake, vipimo vyake na namna ya kusoma majibu

Mgonjwa mwenye macho ya njano anapofika kwenye kituo cha afya mkoani Dodoma huulizwa maswali yanayojulikana, na ni haki yawe ya kwanza kuulizwa. Je, ana virusi vya homa ya ini aina ya B au C? Ana malaria kali? Anatumia dawa za kifua kikuu au za kufubaza VVU? Anakunywa pombe kiasi gani? Ametumia mitishamba? Amekula mahindi au karanga zilizoota ukungu? Swali hili la mwisho lina uzito wa pekee kwetu kanda ya kati, kwa sababu mwaka 2016 sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi ilisababisha mlipuko wa ugonjwa wa ini ulioua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Shida huanza pale majibu ya maswali hayo yote yanapokuwa hapana. Mara nyingi mgonjwa huambiwa kwamba hana homa ya ini, maana yake ikiwa tu kwamba kipimo cha virusi vya B kimetoka hasi, kisha anapewa vitamini na kurudishwa nyumbani huku ini lake likiendelea kuharibika mwezi baada ya mwezi.

Lipo kundi la magonjwa ambamo kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huligeukia ini lenyewe na kulishambulia. Magonjwa haya hayathibitishwi na kipimo kimoja, wala hayafutwi na kipimo kimoja kilichotoka hasi. Hutambuliwa kwa kuweka pamoja dalili za mgonjwa, mpangilio wa vimeng'enya vya ini, protini za damu, kingamwili maalumu (protini ambazo kinga hutengeneza ili kunasa inachokishambulia) na kinyama, yaani kipande kidogo cha ini kilichotazamwa kwa hadubini, huku visababishi vingine vikiwa vimechunguzwa na kuondolewa. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu nusu ya kwanza ya kazi hiyo inaweza kufanyika katika hospitali ya wilaya kwa vipimo vya kawaida, iwapo anayesoma majibu anajua anachokitafuta.

Magonjwa matatu na sehemu yanazozishambulia

Ini lina seli zinazofanya kazi zake nyingi, na lina mirija inayokusanya nyongo kutoka kwenye seli hizo na kuipeleka kwenye utumbo. Ugonjwa wa kwanza, homa ya ini ya kinga ya mwili, ambao madaktari huuandika kwa kifupi AIH, hushambulia seli zenyewe. Wa pili, kolanjitisi ya nyongo ya msingi, yaani PBC, huharibu mirija midogo ya nyongo iliyo ndani ya ini. Wa tatu, kolanjitisi ya makovu ya msingi, yaani PSC, huweka makovu kwenye mirija mikubwa na midogo, ndani na nje ya ini, hadi nyongo ikose njia. Yote matatu yakiachwa bila kutambuliwa yanaweza kuishia kwenye sirosisi, hali ambayo ini limejaa makovu na kusinyaa, na baada ya hapo mgonjwa hufika hospitali tumbo likiwa limejaa maji au akitapika damu, bila mtu kuweza kujua tena kwa urahisi safari hiyo ilianzia wapi.

Si magonjwa mapya. Ule wa pili ulielezwa na Thomas Addison na William Gull huko Uingereza mwaka 1851. Ule wa kwanza ulielezwa mwaka 1950 na daktari wa Sweden, Jan Waldenström, aliyewaona wanawake vijana wenye homa ya ini isiyopona na protini nyingi kupita kiasi kwenye damu. Mwaka 1956 Ian Mackay na wenzake mjini Melbourne waliuhusisha na lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga kuushambulia mwili, kwa sababu damu ya wagonjwa wao ilionyesha viashiria vilivyofanana. Mambo mawili aliyoyaona Waldenström, yaani mgonjwa kuwa mwanamke kijana na protini kuzidi, bado ndiyo yanayopaswa kumshtua daktari hadi leo.

AIH inavyojionyesha kwa mgonjwa

Wanawake ni wengi kuliko wanaume kwa takriban watatu au wanne kwa mmoja, lakini ugonjwa humpata mtu wa umri wowote, mtoto na mzee, mwanamume na mwanamke. Kwa wagonjwa wengi huanza polepole: uchovu usioisha hata baada ya kulala, viungo kuuma hasa vidogo vya mikono, hamu ya chakula kupungua, hedhi kuvurugika au kukoma. Hakuna hata moja kati ya dalili hizo inayotaja ini, na ndiyo maana mwanamke wa aina hii anaweza kuzunguka muda mrefu akitibiwa malaria, typhoid na upungufu wa damu. Kwa wengine ugonjwa huja kwa kishindo, macho yakawa ya njano ndani ya siku chache na mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, kwa namna isiyotofautishwa kwa macho na homa ya ini ya virusi. Wachache hufikia hatua ya ini kushindwa kabisa kufanya kazi, ambapo mgonjwa huanza kuchanganyikiwa, kulala mchana na kukesha usiku, na damu hukawia kuganda. Huyo ni mgonjwa wa dharura, na hatakiwi kusubiri kliniki ya wiki ijayo.

Takriban theluthi moja ya wagonjwa hugundulika wakiwa tayari na sirosisi. Tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba wagonjwa weusi wa huko hugundulika wakiwa na sirosisi mara nyingi zaidi kuliko weupe. Sababu zinajadiliwa, lakini kwangu funzo la kitabibu liko wazi: tusingoje picha ya kitabuni ya mgonjwa mwenye dalili za mwanzo zilizopangika vizuri.

Uchunguzi wa mwili una mambo yake ambayo vitabu vilivyoandikwa kwa wagonjwa weupe huyapita haraka. Kwa watu wengi wa hapa, sehemu ya jicho inayopigwa na jua huwa na rangi ya kahawia hafifu tangu ujana, na rangi hiyo huchanganywa na manjano, au huificha. Mgonjwa atazamwe kwenye mwanga wa mchana, karibu na dirisha, si chini ya taa ya umeme. Aambiwe aangalie chini huku kope la juu likiinuliwa, kisha aangalie juu huku kope la chini likivutwa, kwa sababu sehemu zilizofunikwa na kope hubaki nyeupe kwa mtu mzima wa afya. Aambiwe pia ainue ulimi, kwa maana manjano huonekana mapema chini yake. Baada ya hapo ndipo daktari apapase ini na bandama, atafute maji tumboni, na aulize kuhusu magonjwa mengine ya kinga ya mwili ambayo hupenda kuandamana na AIH: tezi ya shingo, kisukari cha utotoni, mabaka meupe ya ngozi, baridi yabisi, lupasi. Aulize vilevile kama ndugu wa damu ana ugonjwa wa aina hiyo, kwa kuwa urithi una sehemu yake japokuwa haurithishi ugonjwa moja kwa moja.

Karatasi ya majibu, mstari kwa mstari

Tuchukue mfano wa kubuni lakini wa kawaida: mwanamke wa miaka 27 kutoka Mpwapwa, amechoka kwa miezi minne na macho yamekuwa ya njano kwa wiki mbili. Majibu yake yanasomeka hivi. ALT, kimojawapo cha vimeng'enya vya ini, ni 620, wakati kiwango cha juu cha kawaida cha maabara hiyo ni 40. AST, kimeng'enya kingine, ni 540. ALP, kimeng'enya cha tatu, ni 150, kiwango cha juu kikiwa 120. Bilirubini, rangi ya manjano iliyo kwenye nyongo, ni 88, inapopaswa kuwa chini ya 21. Protini zote ni gramu 96 kwa lita, albumini, moja ya protini hizo, ni gramu 29, na INR, kipimo cha damu kuganda, ni 1.4. Virusi vya B, virusi vya C na VVU vimetoka hasi.

Jicho la haraka litaona ALT na bilirubini zimepanda na kuandika «homa ya ini, sababu haijulikani». Tusome taratibu. ALT hutoka kwenye seli za ini zinapoumia, wakati ALP hupanda zaidi pale nyongo inapokwama au mirija yake inapoharibika. Ili kujua kipi kinatawala, gawanya ALT kwa kiwango chake cha juu, ambapo 620 kwa 40 ni 15.5, gawanya ALP kwa kiwango chake, ambapo 150 kwa 120 ni 1.25, kisha gawanya jibu la kwanza kwa la pili, upate 12.4. Jibu likiwa 5 au zaidi, madhara yapo kwenye seli. Likiwa 2 au chini, madhara yapo kwenye njia ya nyongo. Katikati ni mchanganyiko. Mgonjwa wetu seli zake zinaangamizwa, na INR iliyoanza kupanda inaonyesha kwamba ini limeanza kushindwa kutengeneza vigandisha damu.

Mstari unaosahaulika ni ule wa protini. Toa albumini kwenye protini zote: 96 kutoa 29 ni 67. Hiyo ni globulini, ambayo kwa kawaida huwa kati ya gramu 20 na 35 hivi. Sehemu kubwa ya globulini inayozidi namna hii ni kingamwili za aina ya IgG, na kupanda kwa IgG ni moja ya alama kuu za AIH. Hospitali isiyoweza kupima IgG yenyewe inaweza kufanya utoaji huu kwa kalamu, bila gharama ya ziada, na ningependa kila anayeandika rufaa ya mgonjwa wa ini aufanye na kuliandika jibu kwenye barua.

Hapa pana tahadhari ya lazima kwa mazingira yetu. Globulini hupanda pia kwa VVU, kifua kikuu, maambukizi ya muda mrefu, sirosisi ya sababu yoyote na saratani ya seli za plasma, na watu wanaoishi kwenye maeneo yenye malaria huwa na IgG iliyo juu kidogo hata wakiwa wazima. Kwa hiyo globulini ya 42 haisemi mengi Dodoma, wakati ile ya 67 ikiandamana na ALT ya 620 na vipimo hasi vya virusi inasema kwa sauti kubwa. Kwa upande mwingine, mgonjwa ambaye ugonjwa umemvamia ghafla anaweza kuwa na IgG ya kawaida kabisa siku za mwanzo, na kiwango hicho kisitumike kumwondolea shaka.

Kuna pia magonjwa ambayo huonyesha karatasi tofauti na hii. Kichocho cha tumbo, tunachokiona kwa watu waliokulia karibu na Ziwa Victoria, huweza kuvimbisha bandama sana na kuleta kutapika damu, lakini mara nyingi ALT, albumini na INR hubaki karibu na kawaida kwa muda mrefu. Kwa mgonjwa wa selimundu, AST na bilirubini hupanda kwa sababu ya chembe nyekundu zinazovunjika, wakati ALT haipandi kwa kiasi hicho. Kijana mwenye ugonjwa wa ini pamoja na mikono kutetemeka, kusema kwa kukokoteza maneno au mabadiliko ya tabia achunguzwe ugonjwa wa Wilson, ambao ni wa madini ya shaba kurundikana mwilini, na ambao matibabu yake ni mengine kabisa.

Kingamwili zinazoulenga mwili wenyewe

Hatua inayofuata ni kutafuta kwenye seramu, yaani majimaji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake, kingamwili zinazoshika sehemu za seli za mwili wenyewe. Kwa AIH ya aina ya kwanza, ambayo ndiyo ya wengi, hutafutwa ANA, inayoshika kiini cha seli, na SMA, inayoshika misuli laini. Aina ya pili, inayowapata zaidi watoto na vijana na mara nyingi huwa kali, huwa na kingamwili iitwayo LKM1. Iko nyingine, SLA, ambayo hupatikana kwa wagonjwa wachache lakini ikipatikana ni ushahidi mzito, kwa sababu haionekani kwa urahisi kwenye magonjwa mengine.

Namna vipimo hivi vinavyofanyika inaeleza kwa nini majibu yake huweza kupotosha. Katika njia ya jadi, seramu ya mgonjwa huzimuliwa, humwagwa juu ya vipande vyembamba vya ini, figo na tumbo la panya vilivyobandikwa kwenye kioo, kisha huongezwa rangi inayong'aa penye kingamwili zilizonasa, na mtaalamu wa maabara hutazama kwa hadubini ni sehemu gani zinang'aa. Jibu la 1:40 lina maana kwamba mng'ao bado ulionekana baada ya seramu kuzimuliwa mara 40, na la 1:320 ni la nguvu zaidi. LKM1 hung'arisha seli za ini na mirija ya figo ya sehemu ya mwanzo. AMA, ambayo ni kingamwili ya PBC, hung'arisha mirija ya figo ya sehemu ya mwisho pamoja na seli za tumbo. Mtaalamu ambaye hajazoea anaweza kuzichanganya hizi mbili, na mtoto mwenye AIH akaandikiwa ugonjwa wa mirija ya nyongo ambao watoto hawaupati. Maabara nyingi sasa hutumia vipimo vya kisasa visivyohitaji vipande vya panya, ambavyo ni rahisi, ila navyo vina chanya zake za uongo.

Zaidi ya hayo, ANA ya kiwango cha chini huonekana kwa watu wazima wasio na ugonjwa, kwa wenye maambukizi ya muda mrefu, na kwa wenye virusi vya homa ya ini. ANA chanya peke yake, kwa mtu mwenye ALT ya kawaida, si ugonjwa wa ini. Nimeona watu wakitishwa na karatasi hiyo bila sababu.

Mwaka 2008 kundi la kimataifa la wataalamu wa AIH lilichapisha mfumo rahisi wa alama ambao unasaidia kuweka mambo haya kwenye mizani. ANA au SMA ya 1:40 hupewa alama 1, na ya 1:80 au zaidi hupewa 2. LKM1 ya 1:40 au SLA chanya nazo hupewa 2, lakini jumla ya kingamwili zote haivuki 2. IgG ikizidi kiwango hupata 1, ikizidi kwa zaidi ya asilimia 10 hupata 2. Kinyama cha ini kinachopatana na ugonjwa hupata 1, na chenye picha kamili hupata 2. Kutokuwepo kwa homa ya ini ya virusi hupata 2. Jumla ya 6 ina maana kwamba ugonjwa unaelekea kuwepo, na 7 au 8 kwamba upo.

Ukizifanyia hesabu alama hizo, mambo mawili yanajitokeza. La kwanza, mgonjwa ambaye hajachukuliwa kinyama anaweza kufika 6, lakini hawezi kufika 7, kwa hiyo bila kinyama uhakika una kikomo. La pili linatuhusu zaidi: Tanzania ina watu wengi wanaoishi na virusi vya B, na mtu wa namna hiyo akipata AIH hukosa alama 2 moja kwa moja, hata kama virusi vyake vimelala. Mfumo huu ulitengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wa kawaida. Kwa mwenye magonjwa mawili, busara ya daktari, wingi wa virusi kwenye damu na kinyama ndivyo vinavyoamua.

Kinyama chenyewe huchukuliwa kwa sindano kupitia mbavuni baada ya kuhakikisha kwamba chembe sahani za kugandisha damu na INR zinaruhusu. Kiwe na urefu wa kutosha, karibu sentimita 2, maana kipande kidogo humnyima mtaalamu wa patholojia maeneo ya kutazama. Anachokitafuta ni uvimbe unaovuka mpaka wa maeneo yenye mishipa na mirija na kuzila seli za ini zilizo jirani, ukiwa umejaa limfosaiti na seli za plasma, ambazo ni chembe za kinga. Barua inayoambatana na kopo la formalini, dawa ya kuhifadhi kinyama, ieleze dawa zote alizotumia mgonjwa, kwa sababu picha hiyohiyo inaweza kuletwa na dawa.

Hili la dawa ninaliona kuwa ndilo linalosahaulika zaidi. Methildopa, ambayo wajawazito wenye presha hupewa, na nitrofurantoini ya maambukizi ya njia ya mkojo, zinaweza kuleta ugonjwa wa ini unaofanana na AIH hadi kwenye ANA na IgG. Isoniazidi ya kifua kikuu imewahi kufanya hivyo pia, na efavirenzi, dawa ya VVU iliyotumiwa sana kabla ya dolutegraviri, imehusishwa na hali ya namna hiyo. Tofauti ni kwamba ugonjwa wa dawa hutulia dawa ikiachwa, wakati mwingine kwa msaada wa prednisoloni, dawa ya kushusha kinga, ya muda mfupi, na haurudi. Mitishamba iulizwe kwa upole na bila kumlaumu mtu, kwa kuwa mgonjwa anayehisi anahukumiwa atasema hajatumia chochote, na daktari atampa dawa za miaka mingi kwa ugonjwa ambao ungeisha kwa kuacha mizizi iliyochemshwa.

Kuwashwa bila upele: PBC

PBC ni ugonjwa wa wanawake wa makamo, hasa kati ya miaka 40 na 60, na wanawake huwazidi wanaume mara nyingi sana. Uchovu na kuwashwa ndizo dalili kuu. Kuwashwa huko huzidi usiku, huanza mara nyingi viganjani na kwenye nyayo, na hakutanguliwi na upele wowote. Vidonda na madoa meusi yanayoonekana baadaye ni kazi ya kucha. Ukimgeuza mgonjwa mgongo utakuta madoa kila mahali isipokuwa katikati, pale mikono isipofika. Mama wa aina hii hutibiwa upele, mzio na minyoo, na kila dawa ya kupaka iliyopo dukani, hadi siku mtu atakapopima ALP.

Karatasi yake ni kinyume cha ile ya Mpwapwa: ALP na GGT, kimeng'enya kingine cha njia ya nyongo, ziko juu, ALT imepanda kidogo tu, bilirubini bado ya kawaida, kolesteroli mara nyingi juu. GGT ni muhimu kwa sababu ALP hutoka pia kwenye mifupa na kondo la nyuma, na hivyo hupanda kwa watoto wanaokua na kwa wajawazito bila ugonjwa wowote. Kinachofunga shauri ni AMA, iliyogunduliwa mwaka 1965 mjini London na kundi lililowajumuisha Deborah Doniach na Sheila Sherlock. Hupatikana kwa zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa, na huilenga protini iliyo ndani ya mitokondria, sehemu za seli zinazozalisha nishati. Kingamwili za aina ya IgM hupanda, wakati kwenye AIH ni IgG. Mambo mawili kati ya matatu, yaani ALP iliyokaa juu, AMA chanya na kinyama kinachoonyesha mirija midogo ikiharibiwa, yanatosha kuutambua ugonjwa, kwa hiyo wengi hawahitaji sindano. Hadi mwaka 2015 jina lake rasmi lilikuwa na neno sirosisi ndani yake. Liliondolewa kwa sababu wagonjwa wengi hawana sirosisi na walikuwa wakibeba jina linalowatisha na kuwafanya washukiwe ulevi.

Dawa yake ni asidi ya ursodeoksikoli, miligramu 13 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ambayo kwa mtu wa kilo 60 ni kama miligramu 780 hadi 900. Haitibu kuwashwa, kwa hilo hutumika kolestiramini, na ikishindikana, rifampisini, ambayo ni dawa ya kifua kikuu, baada ya kuhakikisha kwamba mgonjwa hana kifua kikuu ambacho dawa moja peke yake ingekifanya kiwe sugu.

PSC na magonjwa yanayochanganyika

PSC hupata zaidi wanaume wa miaka 30 hadi 40 hivi, na wengi wao wana pia ugonjwa wa utumbo mpana wenye vidonda na kuhara damu. ALP hupanda, AMA ni hasi, na hakuna kingamwili ya kuaminika ya kuuthibitisha. Huonekana kwa picha ya MRI ya mirija ya nyongo, ambamo sehemu zilizobanwa na zilizotanuka hufuatana kama shanga kwenye uzi. Wagonjwa hawa wako kwenye hatari ya saratani ya mirija ya nyongo na ya utumbo mpana, na hakuna dawa iliyothibitika kuuzuia ugonjwa usiendelee. Unaofanana nao, unaohusishwa na IgG4, aina ndogo ya IgG, husikia prednisoloni, hivyo inafaa kuupima kabla ya kukata tamaa. Wako wagonjwa wenye sura ya AIH na PBC kwa pamoja, au AIH na PSC kwa mtoto mmoja. Hao hutibiwa kwa kufuata ugonjwa unaotawala.

Taarifa za PBC na PSC barani Afrika ni chache. Sikubaliani na wanaosema moja kwa moja kwamba basi magonjwa hayo hayapo, kwa sababu mahali ambapo AMA haipimwi, haiwezi kupatikana.

Kabla ya prednisoloni

AIH inatibika, na hili wagonjwa waambiwe mapema. Prednisoloni huzima moto, na azathioprini, nayo ya kushusha kinga, kwa kawaida huanzia miligramu 50 kwa siku, huulinda usiwake tena. Nyingi ya dawa hizi zinafahamika vizuri Dodoma, ambako Hospitali ya Benjamin Mkapa imekuwa ikipandikiza figo tangu mwaka 2018, na waliopandikizwa huishi na dawa za kushusha kinga. ALT inayoshuka haraka ndani ya wiki chache ni ushahidi mwingine kwamba utambuzi ulikuwa sahihi. Lakini kabla ya kidonge cha kwanza, mgonjwa apimwe alama za virusi vya B zote mbili, ile ya maambukizi yaliyopo na ile ya yaliyopita, kwa kuwa virusi vilivyolala huamka kinga inaposhushwa. Achunguzwe kifua kikuu na VVU, apimwe sukari na presha, na atibiwe minyoo aina ya strongiloidi, ambayo kwa mtu anayetumia prednisoloni inaweza kuzaliana mwili mzima na kuua. Hesabu ya damu ifuatiliwe, maana azathioprini hushusha chembe nyeupe.

Mgonjwa anayetoka Manyoni au Kondoa vijijini apewe dawa za kumfikisha kliniki inayofuata na ziada kidogo, kwa sababu kukatisha prednisoloni ghafla kunaweza kumwangusha, na ugonjwa unaoachwa mapema hurudi kwa wengi. Lengo ni ALT na IgG zote kurudi kawaida, na kubaki hivyo kwa miaka, kabla ya mtu yeyote kuzungumzia kuacha dawa.

Na kwa kuwa wengi ni wanawake wa umri wa kuzaa, swali la mimba litakuja, liulizwe au lisiulizwe. Hedhi iliyokuwa imekoma hurejea ugonjwa ukitulia, hivyo mimba inaweza kushika mapema kuliko inavyotarajiwa. Ni vyema ugonjwa uwe umetulia mwaka mzima kabla ya kubeba mimba. Prednisoloni na azathioprini huendelea katika ujauzito, wakati mikofenoleti, dawa nyingine ya kushusha kinga, hairuhusiwi kabisa kwa sababu huharibu mtoto. Wakati wa hatari zaidi huja baada ya kujifungua, kinga inaporudi kwenye nguvu zake na mama akiwa ameacha kliniki ya wajawazito bila kurudi ile ya ini. ALT yake ipangiwe tarehe ya kupimwa kila mwezi au miezi miwili katika nusu mwaka wa kwanza, na tarehe hizo ziandikwe kwenye kadi ileile anayokwenda nayo kliniki kumpima mtoto uzito.